Niache sosholojia nianze upya na sayansi ya data?

BARUA

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni binti wa miaka 23, mwenyeji wa Mwanga, Kigoma. Nimemaliza mwaka wa pili wa shahada ya sosholojia na sasa niko nyumbani kwa likizo ndefu. Safu yako nimeisoma muda mrefu bila kudhani kwamba na mimi ningekuja kukuandikia. Naomba univumilie kama nitakuwa na maneno mengi, jambo lenyewe linaninyima usingizi.

Kidato cha sita nilisoma HGE. Historia na jiografia nilifaulu vizuri, uchumi wastani, na hesabu ile ya BAM nikapata D. Sosholojia niliichagua mwenyewe, hakuna aliyenisukuma. Tangu nikiwa mdogo nilitaka kujua kwa nini watu wanaishi wanavyoishi: kwa nini vijana wa Kasulu wanaondoka kwenda kulima mbali na kwao, kwa nini akina mama wa mwalo wa Kibirizi wanakopeshana bila hata karatasi na bado hawadhulumiani. Chuoni nimeendelea kuipenda. Tatizo ni kwamba kila ninayemwambia ninachosoma ananiuliza swali lile lile: sasa hapo utafanya kazi gani?

Baba alistaafu reli, mama anauza dagaa. Kaka yangu mkubwa ndiye anayeziba pale ambapo mkopo wa Bodi haufiki. Yuko Dar es Salaam, ana kazi nzuri. Mwezi uliopita alinipigia akasema amelifikiria sana suala langu, anataka niachane na sosholojia niombe upya sayansi ya data. Anasema ofisini kwao vijana wa data wanagombaniwa, na waliosoma mambo ya jamii wanazunguka na bahasha za kaki. Hakusema kwa ubaya, Mwalimu. Amesema yuko tayari kunilipia miaka mitatu mingine, na najua hana hela za kuchezea, ana familia yake.

Ningekataa palepale, ila kuna jambo lilinitokea kwenye mafunzo kwa vitendo. Nilipangiwa shirika moja linalosaidia vikundi vya kuweka na kukopa hapa mjini. Siku moja alikuja kijana kutoka makao makuu yao na laptopu, akatuonyesha ukutani ramani ya vikundi vyote: vya kijani, vya njano na vyekundu. Vikundi vya Kibirizi karibu vyote vilikuwa vyekundu, maana yake vina hatari ya kutorejesha mikopo. Akapendekeza vipunguziwe kiwango cha kukopa. Nilinyoosha mkono nikasema akina mama wale wanategemea dagaa, na siku za mbalamwezi dagaa hawapatikani, halafu mwaka 2024 ziwa lilifungwa miezi mitatu. Akanijibu kwa upole kabisa: "Dada, hizo ni simulizi, sisi tunakwenda na data." Watu wakacheka kidogo, kikao kikaendelea. Mimi sikuwa na la kujibu. Hata lile faili lenyewe sikujua kulifungua.

Tangu siku hiyo nimegawanyika. Upande mmoja naona kaka ana haki, kwamba ninachosoma hakina nguvu mbele ya watu wenye namba. Upande mwingine nina uhakika kwamba yule kijana alikosea kuhusu wale akina mama, na alikosea kwa sababu hajui wanavyoishi.

Maswali yangu ni haya. Je, niache nianze upya? Kama nikibaki, inawezekana mtu wa sosholojia akajifunza sayansi ya data mpaka akaiweza kweli, na D yangu ya BAM? Nimesikia kuna nchi watu wanasoma vyote viwili pamoja, je, huku kwetu jambo hilo lipo, na lina ajira? Na kaka nimwambie nini, maana anasubiri jibu kabla chuo hakijafunguliwa?

Ni mimi,
Binti wa Mwanga, Kigoma


JIBU

Marahaba, binti yangu.

Nitaanza na jibu kabla ya sababu, kwa kuwa najua muda unakubana. Usiache sosholojia. Umebakiza mwaka mmoja, umalize. Lakini kaka yako hakukosea alipoitaja data, na ukimaliza mwaka huo bila kujua kulifungua lile faili, utakuwa umefuata nusu tu ya ushauri wangu.

Turudi kwenye kile kikao, maana swali lako lote limo mle. Yule kijana alikuwa na jedwali. Kila mstari ni mkopaji, kila safu ni jambo moja kumhusu: alikopa kiasi gani, tarehe ya kurejesha ni ipi, alichelewa siku ngapi. Programu yake ikasoma safu ya kuchelewa, ikamhesabu anayechelewa kuwa mtu wa hatari. Hesabu yenyewe yawezekana ilikuwa sahihi kabisa. Kilichokosekana ni safu moja ambayo hakuijua, na hakuna kompyuta ingeweza kumwambia kwamba haipo. Wewe ulikuwa nayo kichwani. Ulichokosa ni njia ya kuiingiza kwenye jedwali.

Hebu tuifuate hiyo safu tuone inakwenda wapi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, nao huifuata taa pale tu giza linapokuwa giza kweli. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga umetapakaa ziwa zima, taa haina kazi, na mitumbwi mingi inalala nchi kavu. Mama anayenunua mwaloni, anaanika na kuuza, ana siku nzuri na siku mbaya zinazofuata mwezi wa angani. Mkopo wake unafuata mwezi wa kalenda ya ukutani. Miezi hii miwili hailingani: wa angani una siku 29 na nusu hivi, na ndiyo sababu watu wa Ujiji wanaona Ramadhani ikirudi nyuma takribani siku 11 kila mwaka. Basi mama mwenye tarehe ya marejesho ya mwisho wa mwezi, kuna vipindi mbalamwezi inamwangukia siku zile zile za kulipa, na kuna vipindi inaangukia katikati ya mwezi na analipa bila shida. Mtazamaji wa jedwali anaona mtu aliyekuwa mlipaji mzuri ghafla ameharibika, kisha akatengemaa, kisha akaharibika tena. Anaandika kwamba tabia yake haitabiriki, kumbe mama huyo anatabirika kuliko wakopaji wengi, ukitumia kalenda iliyo sahihi.

Hilo linapimika, na hapo ndipo sayansi ya data inapokuwa yako. Umri wa mwezi kwa tarehe yoyote iliyopita unakokotolewa kwa kompyuta, huna haja ya kumuuliza mtu. Unachukua daftari la kikundi, unaandika kila tarehe ya mkutano, hisa zilizonunuliwa, mikopo na marejesho. Pembeni ya kila tarehe unaweka mwezi ulikuwa na siku ngapi. Safu nyingine unaandika kama tarehe iko ndani ya kipindi cha kufungwa ziwa, yaani 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Safu nyingine kazi ya mkopaji: dagaa, mawese, mama lishe, ushonaji. Kama unachokisema ni kweli, ucheleweshaji wa wauza dagaa utapanda na kushuka na mwezi, na ule wa fundi cherehani hautafanya hivyo, au utafanya kwa kiasi kidogo kwa sababu wateja wake nao wanategemea ziwa. Ukiyapata hayo na kuyaweka ukutani, kijana yule mwenyewe atakuwa wa kwanza kukusikiliza. Watu wa namba wanaheshimu namba.

Na ujiandae pia kukuta kwamba mwezi hauna uzito ulioudhani. Yawezekana akina mama wanaweka akiba ya kuvukia mbalamwezi, na kinachowaangusha ni masika, dagaa wanapokosa jua la kukauka. Ukikuta hivyo, unaandika hivyo. Sisi wa sayansi ya jamii tuna udhaifu ambao lazima nikuambie wazi: tunahoji watu wanane, tunarudi na kusema "jamii inaamini". Data inakulazimisha uulize ni wangapi, ikilinganishwa na akina nani, na ungeona nini kama ungekuwa umekosea. Nidhamu hiyo itakufaa hata usipoandika mstari mmoja wa programu maishani.

Lakini sosholojia inaendelea kufanya kazi hata jedwali likishajaa. Chukua neno "amelipa" kwenye daftari la kikundi. Wewe uliyekaa na vikundi hivyo unajua neno hilo linaandikwaje. Wakati mwingine mwanachama amelipa kwa fedha yake. Wakati mwingine amekopa kikundi cha jirani ili alipe hiki. Wakati mwingine mfuko wa jamii umemfunika kwa sababu amefiwa, na mweka hazina akaandika "amelipa" ili mwenzao asiaibike mbele ya watu wa shirika. Kwenye kompyuta mambo hayo matatu ni alama moja. Kila data ina watu walioiandika, na watu hao wana haya, wana mabosi, wana sababu za kuandika walichoandika. Kuchunguza namna hiyo ndiyo kazi uliyofundishwa miaka miwili sasa, hata kama hakuna aliyekuambia kwamba inahusu kompyuta.

Jambo hili halikuanza jana. W. E. B. Du Bois, mwanasosholojia Mmarekani mweusi, alizunguka nyumba kwa nyumba na dodoso mtaa wa Seventh Ward huko Philadelphia mwaka 1896 na 1897, akihoji maelfu ya watu weusi wa mtaa ule juu ya kazi zao, kodi zao, shule na magonjwa. Weupe wengi wa zama zake walidai kwamba umaskini wa watu weusi ni tabia yao. Yeye akaonyesha kwa hesabu jinsi kunyimwa kazi na kubanwa kwenye makazi mabovu kunavyozaa hali ile. Mwaka 1900 yeye na wanafunzi wake wa Atlanta wakachora michoro ya takwimu ya rangi kwa mkono, ikapelekwa kwenye maonyesho ya dunia jijini Paris. Haikuwepo kompyuta. Kilichokuwepo ni mtu aliyejua kuuliza na kujua kuhesabu, kwa pamoja. Ukiitafuta hiyo michoro mtandaoni utaipata, na nakuomba uitafute kabla hujamjibu kaka yako.

Kutoka siku hizi nikupe mfano mmoja, kwa sababu unafanana mno na ulichokiona. Mwaka 2019 Ziad Obermeyer na wenzake walichapisha kwenye jarida la Science uchunguzi wa programu iliyotumika Marekani kuchagua wagonjwa wa kupewa uangalizi wa ziada. Waliokuwa wameiunda hawakuweka rangi ya mtu popote. Walichofanya ni kukadiria mahitaji ya mgonjwa kwa kutazama gharama za matibabu yake. Lakini kwa ugonjwa ule ule, wagonjwa weusi walikuwa wametumiwa fedha kidogo, kwa sababu kuifikia huduma kuna vikwazo kwao. Programu ikaona gharama ndogo ikahitimisha kwamba ni wazima zaidi. Sasa ifikirie huku kwetu: mtu wa kijiji cha mbali kando ya ziwa, anayehitaji boti ili afike zahanati, haonekani kwenye madaftari ya MTUHA, yaani kumbukumbu za vituo vya afya. Atakayejenga akili mnemba juu ya madaftari hayo bila kuuliza nani hakufika, atatangaza kwamba vijiji vya mbali vina afya njema.

Au fungua sensa, ambayo iko wazi kwa yeyote. Kati ya 2012 na 2022 mkoa wa Kigoma ulitoka watu takribani milioni 2.13 hadi milioni 2.47. Tabora, jirani yako wa reli, ilitoka milioni 2.29 hadi milioni 3.39. Mikoa miwili inayopakana, mmoja umeongezeka kwa asilimia 16 hivi, mwingine kwa asilimia 48. Uzazi peke yake hauwezi kuleta tofauti kubwa namna hiyo kati ya majirani. Kuna watu wanaoondoka na kuna watu wanaohamia, kuna mifugo inayofuata malisho, kuna misitu inayofyekwa kuwa mashamba, kuna suala la nani alikuwa wapi usiku wa kuhesabiwa. Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba unataka kujua kwa nini vijana wa Kasulu wanaondoka kwenda kulima mbali. Swali lako la utotoni ni swali la data, tena kubwa.

Sasa hiyo D. Sitakudanganya kwamba hesabu si kitu. Sayansi ya data bila hesabu ni kubonyeza vitufe, na mtu wa kubonyeza vitufe ndiye wa kwanza kuondolewa kazini mashine inapojifunza kubonyeza yenyewe. Lakini hesabu unayoihitaji kwa kuanzia ina mipaka: uwiano na asilimia, uwezekano, namna sampuli inavyowakilisha umma, tofauti ya wastani na namba ya katikati, mtawanyiko, na regresheni, yaani kupima jambo moja linavyobadilika pamoja na jingine. Logi utazikuta, matriki utazikuta baadaye. Ulisoma BAM ukiwa na masomo mengine matatu na mtihani unakukimbiza. Ukisoma uwezekano kwa sababu unataka kujua kama mwezi kweli unawaangusha akina mama wa Kibirizi, utakuta akili inafunguka kwa namna nyingine. Tenga saa moja kila siku, asubuhi kabla ya mambo ya nyumbani, urudie kitabu chako kile kile cha BAM sura ya takwimu na sura ya uwezekano. Ukiona baada ya miezi kadhaa ya juhudi za kweli bado unaichukia, niandikie tena, maana hapo ushauri wangu utabadilika.

Vifaa havikupi sababu ya kungoja. Jifunze R kwanza. Ni programu ya bure, iliundwa na watu wa takwimu kwa kazi ya takwimu, inakubali kompyuta ya mitumba, na ukishapakua vifurushi vyake ukiwa chuoni unaweza kufanya kazi nyumbani bila bando. Python inaweza kufuata baadaye. Usianze na akili mnemba, na usitoe fedha kununua vyeti vya wiki mbili vinavyotangazwa huku na kule. Data za kujifunzia zipo za bure: IPUMS, hifadhi ya mtandaoni ya data za sensa, wana sampuli za sensa zetu za 1988, 2002 na 2012, na Benki ya Dunia wameweka wazi data za utafiti wa kaya wa Tanzania unaorudi kwa kaya zile zile miaka tofauti. Unajisajili, unaeleza unazitakia nini, unaruhusiwa. Namfahamu zaidi ya mmoja aliyejifunza kwa data za mazoezi za kigeni, za maua na abiria wa meli za kale, mpaka siku ya kupewa dodoso la Kibondo akashindwa, kwa sababu hakuwahi kukutana na kaya yenye wake wawili na majiko mawili na mkuu mmoja. Jifunze kwa data za kwetu.

Umeuliza kama kuna mahali wanasoma vyote pamoja. Ndiyo. Chuo Kikuu cha Chicago kina shahada ya uzamili ya sayansi ya jamii inayotumia kompyuta, na Linköping huko Sweden nao wanayo. Kwetu Tanzania njia hizi mbili kwa kawaida zimetenganishwa: sosholojia utaikuta Dar es Salaam, Dodoma na kwingineko, na shahada ya sayansi ya data inatolewa, kwa mfano, na Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika pale Changanyikeni. Anayetaka zote mbili anaziunganisha mwenyewe. Wewe utaziunganisha mwaka huu wa tatu. Nenda kwa mkuu wa idara yako siku za mwanzo kabisa za muhula, uombe kozi zako za hiari ziwe za takwimu, hata kama zinafundishwa idara nyingine. Vyuo vingine vinaruhusu, vingine vinaweka ugumu. Wakikataa, omba kuingia darasani kama msikilizaji. Halafu utafiti wako wa mwaka wa tatu uwe huu huu wa dagaa na marejesho. Tasnifu hiyo itakusemea kuliko jina la shahada lililoandikwa kwenye cheti.

Kabla ya kugusa daftari lolote, omba ruhusa. Kwanza kwa kikundi chenyewe, kwenye mkutano, kila mtu akisikia. Kisha kwa shirika. Na chuo kitakuelekeza kibali cha utafiti. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nayo inakuhusu hata kama wewe ni mwanafunzi. Na kufuta majina hakutoshi. Ukiandika "mjane mwenye watoto sita anayeuza mawese jirani na mwalo", Kibirizi nzima inajua ni nani na anadaiwa kiasi gani. Siku ukifanya kazi kwenye kambi ya wakimbizi kama Nyarugusu, ambako taarifa ya mtu inaweza kumgusa yeye na ndugu aliowaacha alikotoka, uzito wa jambo hili utauona mara kumi.

Kuhusu ajira nitakuwa mkweli, hata kama inampa kaka yako hoja. Ukitaka kuwa Mtakwimu serikalini, matangazo ya Sekretarieti ya Ajira kwa kawaida huomba shahada ya takwimu au fani zilizo karibu nayo, na sosholojia inaweza kukufungia mlango huo. Kama hiyo ndiyo ndoto yako ya ndani, ya kukaa Ofisi ya Taifa ya Takwimu, mweleze kaka, na mpango wake uupime upya kwa makini. Lakini barua yako haikusema hivyo hata mara moja. Barua yako imejaa watu. Kazi zinazokufaa ni za ufuatiliaji na tathmini kwenye mashirika, taasisi za utafiti wa afya na za sera, miradi ya halmashauri, na maendeleo ya jamii, ambako shahada yako inakubalika kama ilivyo. Huko kote nimeona upungufu ule ule: mwenye kuijua programu hawezi kutunga swali ambalo mama wa kijijini atalielewa, na mwenye kulitunga swali anamngoja mwingine amchambulie majibu. Anayeweza vyote hupewa kazi ya pili kabla ya kumaliza ya kwanza. Siwezi kukuahidi kwamba utaipata mwezi wa kuhitimu. Ajira ni ngumu kwa wote, wa data wakiwemo, na kaka yako anawaona wale walioajiriwa tu, kwa kuwa wasioajiriwa hawaji ofisini kwake. Hiyo nayo ni sampuli, unaweza kumwambia kwa heshima.

Sasa mazungumzo na kaka. Usimjibu kwa ujumbe wa simu. Mtu aliyejitolea miaka mitatu ya jasho lake anastahili kikao, na kama hawezi kuja, basi mpigie, mama na baba wakiwa wamekaa nawe. Anza kwa kumshukuru, na umaanishe, kwa sababu wengi wa rika lako hawana ndugu wa namna hiyo. Kisha mwekee miaka mezani. Kuanza upya ni miaka mitatu, na mwisho wake una shahada moja ya kwanza. Kubaki ni mwaka mmoja, na mwisho wake una shahada moja ya kwanza. Miaka miwili inayosalia inatosha kwa kazi au kwa uzamili wa takwimu au sayansi ya data, ambao mara nyingi huchukua miezi 18 hadi 24. Ila usimfiche ugumu: baadhi ya programu za uzamili zitadai msingi wa hesabu, na ndiyo sababu nyingine ya kozi zile za hiari. Kuhusu mkopo, kabla ya kikao hicho fika ofisi ya mikopo ya chuo chako, uulize nini kinatokea kwa deni la miaka miwili ukiacha katikati na kama utapata mkopo mwingine ukianza upya, wakujibu kwa maandishi. Usikubali jibu la mlangoni.

Mwombe kaka kitu kimoja badala ya ada ya miaka mitatu: laptopu ya mitumba yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8. Ni sehemu ndogo sana ya fedha aliyokuwa tayari kuitoa. Na mwambie utamtumia mchoro wa kwanza utakaouchora mwenyewe, wa marejesho na mbalamwezi, kabla ya Krismasi, ili apime kwa macho yake kama unasoma kweli.

Lililobaki ni la wiki hii. Mwendee mweka hazina wa kikundi kimojawapo cha Kibirizi, umuulize kama anazo kumbukumbu za mikutano tangu mwanzo wa 2024, na kama zimeandikwa tarehe au "wiki ya kwanza, wiki ya pili" tu. Kama hazina tarehe, ukishapata ruhusa zile nilizozitaja, kaa naye mzirudishie tarehe kwa kufuata sikukuu, misiba na siku ziwa lilipofunguliwa. Kazi hiyo ni bora uianze ungali nyumbani.